Mpini wa Ufagio, Sweta na Mama Mkwe

"Mkubwa," kedi wangu, yaani mbeba fimbo zangu za gofu, aliniambia baada ya mpira wa nne kupindia kulia na kupotelea msituni, "mikono yako inapanda, lakini mgongo umebaki pale pale."

Kweli tupu. Kwa anayecheza mkono wa kulia, fimbo ikirudishwa nyuma mabega hugeuka nyuzi 90 hivi, kiuno nusu yake. Mkono wa kushoto hunyooka bila kukakamaa. Kiwiko cha kulia huelekea chini, kama cha mhudumu aliyebeba sinia begani. Mabega yangu, yaliyozoea kiti cha ofisi, hugoma katikati ya safari. Ili fimbo ifike juu, nakunja kiwiko cha kushoto na kuinua cha kulia kama bawa la kuku. Basi fimbo inashuka kwa nje, inaukata mpira, na msitu unapokea. Nilijitetea kwamba hata bingwa wa gofu Jack Nicklaus aliinua kiwiko na akashinda mataji makubwa 18.

"Yeye aligeuka," kedi akajibu.

Akanipa zoezi. Keti kwenye kiti, bana mto kwa magoti ili kiuno kisigeuke (kikigeuka unajidanganya), laza ufito mabegani kwa mbele, uushike mikono ikiwa imepishana kifuani. Geuka kulia, vuta pumzi mbili, kisha kushoto. Mara 10 kila upande.

Mimi nikaliboresha. Nilichomeka mpini wa ufagio kwenye mkono wa sweta niliyovaa, ukapita nyuma ya shingo, ukatokea mkono wa pili. Viwiko vikanyooka, vikakataa kukunjika tena. Nikiwa hivyo, kama sanamu ya kutishia ndege shambani, nikasikia maziwa yakifurika jikoni na mama mkwe akipiga hodi.

Mpini ulikuwa sentimita 150. Mlango, 80. Nikaugonga. Nikarudi nyuma, nikaugonga tena kwa kasi zaidi, sijui kwa matumaini gani. Mara ya tatu, miguu ikielekea jikoni, nikazungusha mabega mpaka la kushoto likaja chini ya kidevu. Nikapita! Nyuzi 90 kamili, na kedi hayupo.

Mama mkwe alikuwa ameshaingia na kuzima gesi. Akanitazama, akashika ncha ya mpini, akauvuta taratibu kama anayechomoa mshikaki.

"Baba Neema, huo mchezo mnalipwa?"

"Hapana, Mama. Tunalipa sisi."