Kisiwa chenye ufunguo mmoja

Saa mbili asubuhi meli inafunga gati CocoCay, kisiwa kidogo cha Bahamas, na abiria wanaanza kushuka, taulo begani, watoto mkononi, kadi ya chumba ikining'inia shingoni. Itazame hiyo kadi. Usiku ilifungua mlango wa chumba. Mchana itanunua vinywaji, itakodi kibanda cha kivuli na kumwingiza mtoto kwenye bustani ya maji. Jioni itamrudisha mwenyewe melini, na hesabu yote itaishia kwenye daftari la kampuni moja. Ukiacha wachuuzi wa Kibahama wanaouza vikapu na fulana, mgeni anaweza kushinda siku nzima ndani ya Bahamas bila senti yake kupita mkononi mwa Mbahama yeyote mwenye biashara yake mwenyewe.

Ubishi kuhusu visiwa hivi binafsi vya kampuni za meli za kitalii huanzia hapo, na huharibika haraka. Mmoja anasema ni starehe halali ya mtu aliyelipa. Mwingine anasema ni ukoloni uliovikwa miavuli ya rangi. Nadhani wote wawili wanaiacha hoja yenyewe njiani.

Jambo lenyewe si geni. Norwegian Cruise Line iliinunua Great Stirrup Cay mwaka 1977, miaka 4 tu baada ya Bahamas kupata uhuru. Royal Caribbean ikakodi rasi ya Labadee, kaskazini mwa Haiti, mwaka 1986. Holland America ikanunua Little San Salvador katika miaka ya 1990 na kuiita Half Moon Cay. Disney ikaichukua Gorda Cay kwa mkataba wa miaka 99, na mwaka 1998 ikaifungua kwa jina la Castaway Cay. Hata CocoCay, ya Royal Caribbean, jina lake la kwanza ni Little Stirrup Cay. Kilichobadilika karibuni ni ukubwa wa fedha. CocoCay ilijengwa upya kwa dola milioni 250 na kufunguliwa Mei 2019, ikiwa na mtelezo wa maji unaoanzia urefu wa mita 41 hivi. Julai 2025 Carnival ikafungua Celebration Key huko Grand Bahama, mradi wa dola milioni 600. Huko si kutafuta ufuo wa kupumzikia tena. Ni kujenga mji wa siku moja.

Kwa nini Bahamas? Jibu moja ni ukaribu: Bimini iko kama kilomita 80 tu kutoka Florida. Jibu la pili hutajwa mara chache. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiiruhusu meli yenye bendera ya kigeni kusafirisha abiria kati ya bandari za Marekani peke yake. Hata ikizizungukia bandari hizo na kurudi ilikoanzia, lazima iguse nchi ya nje. Meli nyingi kubwa za kitalii zinapeperusha bendera za Bahamas, Panama, Malta na kadhalika, kwa hiyo sheria inazibana. Kila safari fupi ya kutoka Miami inahitaji mahali pa kugusa, karibu na bila usumbufu. Mahali hapo pakiwa mali ya kampuni yenyewe, mafuta yanapungua, foleni ya gati inakwisha, na pesa ambayo abiria angeitumia mjini inabaki nyumbani.

Hata hivyo nianze na mgeni, kwa sababu haki yake hudharauliwa na waandishi wanaoweza kumudu hoteli. Nesi au dereva wa basi aliyedunduliza mwaka mzima ili awapeleke wanawe baharini ana saa saba au nane tu za nchi kavu. Akishuka mji asioujua, saa mbili zinaliwa na kutafuta teksi, kupatana bei, kuuliza ufuo upi ni salama, na wasiwasi wa kuachwa na meli. Kwenye kisiwa cha kampuni, ufuo uko hatua chache kutoka gatini. Waokoaji wapo. Chakula cha mchana kwa kawaida kimo ndani ya nauli. Castaway Cay wana viti vya magurudumu mapana vinavyopita kwenye mchanga, na mtu ambaye hajawahi kufika ukingo wa maji tangu miguu ilipokataa anafikishwa pale. Sioni namna ya kulidharau jambo hilo. Ukiniuliza kama siku ile ni nzuri kwa aliyelipa, jibu langu ni ndiyo.

Serikali nayo ina hoja. Bahamas ina watu wapatao 400,000, na mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya milioni 11, zaidi ya milioni 9 kati yao wakija kwa bahari. Hakuna mji wa Bahamas unaoweza kuwabeba wote hao. Nassau, mji mkuu, peke yake, meli tano au sita zikifika pamoja, barabara ya Bay Street hujaa hadi watu wanatembea kwenye lami. Kisiwa kisicho na wakazi kinachopokea maelfu ya watu kwa siku, nao wakalipiwa kodi ya kichwa, ni mapato ambayo hayahitaji kujenga hospitali wala shule pale. Halafu ziko familia za visiwa vya mbali kama Eleuthera na Cat Island, ambako kazi za mshahara ni chache na vijana huondoka kwenda Nassau. Kwa watu hao, ajira ya uendeshaji boti au ulinzi kwenye kisiwa cha jirani si jambo la kubezwa kutoka mbali.

Upande wa pili unaanza na pochi. Abiria anaposhuka Nassau hatumii nyingi, hilo linajulikana. Ameshalishwa na meli. Lakini kile kidogo anachotumia kinatawanyika. Dereva wa teksi anapata, mama wa soko la ukili anapata, muuza kachumbari ya konokono wa baharini iliyokamuliwa ndimu pale Arawak Cay anapata, na kijana wa kupiga ngoma anatupiwa dola. Mgeni akipelekwa kwenye kisiwa binafsi, mnyororo huo wote unakatwa na nafasi yake inachukuliwa na kitu kimoja: malipo ya kampuni kwa serikali. Hazina inaweza hata kufaidika zaidi. Mtaa haufaidiki. Ndiyo maana takwimu za kitaifa za wageni zinaweza kuvunja rekodi kila mwaka huku mchuuzi akilalamika kwamba biashara imelala, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Bahamas imeliona hilo. Mabadiliko ya kodi ya abiria yaliyoanza kutumika mwaka 2024 yalimtoza anayezuru kisiwa binafsi pekee dola 25, na anayepitia Nassau au Freeport dola 23. Tofauti ya dola 2 ni ndogo mno kubadilisha ratiba ya meli, ila inaonyesha kwamba serikali inajua siku ya abiria ina thamani gani inapohamishwa. Hatua nzito zaidi iko Paradise Island, ng'ambo ya bandari ya Nassau, ambako Royal Caribbean imefungua klabu yake ya ufukweni Desemba 2025 kwa makubaliano kwamba Wabahama wanaweza kumiliki hadi asilimia 49. Naupenda mwelekeo huo kuliko ajira na hisani, kwa sababu mwenye hisa huonyeshwa vitabu vya hesabu, na mfagiaji haonyeshwi. Lakini asilimia 49 ya kampuni inayouza kinywaji kwa abiria wa meli yake yenyewe ina udhaifu wake: mwenye meli ndiye anayeamua abiria wangapi washuke na faida ionekane upande upi wa gati.

Mahali penye kuonyesha pande zote mbili kwa ukali ni Labadee. Si kisiwa, ingawa kwa miaka mingi abiria waliuziwa kama kisiwa binafsi cha Hispaniola, ambalo ni jina la kisiwa kikubwa ambacho Haiti ni sehemu yake, na jina la Haiti likiwekwa pembeni. Ni rasi iliyozungushiwa uzio, karibu na Cap-Haïtien, katika nchi maskini kuliko zote za eneo lile. Ndani ya uzio kuna soko la mafundi wa Kihaiti: vinyago, michoro, vyuma vilivyokatwa kwa patasi. Mwaka 2009 likajengwa gati la kupokea meli kubwa kuliko zote za wakati huo.

Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliibomoa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Siku tatu baadaye meli ya kampuni ikafunga gati Labadee, watu wakashuka kuogelea. Dunia ilipiga kelele, na wapo abiria waliokataa kushuka kwa kuona haya. Kampuni ikajibu kwamba imeshusha shehena ya chakula, kwamba mapato ya ziara yatakwenda kwenye misaada, na kwamba viongozi wa Haiti wenyewe waliomba meli ziendelee kuja. Naamini kampuni ilifanya sawa kwenda. Fundi wa vinyago asingesaidiwa kwa mgeni kukaa melini akisikitika. Aliyeona haya naye hakukosea, kwa kuwa uzio ulimfanya ale nyama choma katika nchi yenye msiba bila kuiona nchi.

Ila somo zito la Labadee lilikuja baadaye. Machi 2024, magenge yalipoitikisa Haiti, Royal Caribbean ilisitisha ziara. Ikarudi Oktoba, na Aprili 2025 ikasitisha tena. Kwa abiria hasara ilikuwa ndogo: ratiba ilibadilishwa, akapelekwa ufuo mwingine. Siwezi kuilaumu kampuni kwa kulinda watu wake. Lakini soko lile halikuwa na mlango wa nyuma. Halikuwa na barabara ya watalii wengine, wala hoteli ya jirani, wala meli ya kampuni shindani. Lilijengwa likitegemea ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo ana visiwa vingine vya kwenda. Hili ndilo linalonisumbua kuhusu visiwa binafsi, kuliko miavuli na mitelezo. Bandari ya mji ikikosa meli moja, inasubiri nyingine.

Kuhusu mazingira nitapita haraka, si kwa kuwa ni dogo, bali kwa kuwa kila kisiwa kina habari yake. Ocean Cay, kisiwa cha kampuni ya MSC huko Bahamas, ilikuwa machimbo ya mchanga yaliyoachwa na vyuma chakavu. Kampuni iliyasafisha na kupanda upya kabla ya kufungua mwaka 2019, na huwezi kusema pale palikuwa bora zamani. Lighthouse Point, kusini mwa Eleuthera, ni kinyume chake: rasi ya asili ambayo wanamazingira walipigania ihifadhiwe bila meli. Disney iliinunua mwaka 2019, ikajenga gati refu juu ya nguzo ili isichimbe sakafu ya bahari, ikaahidi kujenga sehemu ndogo tu ya ardhi, na ikafungua Juni 2024. Ni ujenzi wa uangalifu mahali ambapo wengi hawakutaka ujenzi kabisa. Na ahadi za sekta hii zinahitaji msimamizi: mwaka 2019 Carnival ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kukiuka masharti ya adhabu ya awali, ikiwemo kumwaga plastiki iliyochanganyika na mabaki ya chakula kwenye maji ya Bahamas, na ikatozwa dola milioni 20.

Ningekuwa upande wa serikali mezani, nisingepoteza muda kukataa mitelezo. Ningedai kwamba meli inayopewa kisiwa ifunge pia kwenye bandari ya mji siku moja kamili katika safari hiyo hiyo, na kwamba chakula cha ufukweni kinunuliwe kwa wavuvi na wakulima wa visiwa vya jirani kwa kiwango kilichoandikwa. Ningedai pia mfuko wa dhamana, ili kampuni ikisitisha ziara kwa miezi, wachuuzi wake wasilale njaa siku ya pili.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kufuatilia. Zanzibar imekuwa ikikodisha visiwa vyake vidogo kwa wawekezaji, na tunao mfano wa aina nyingine kabisa: Chumbe, eneo la hifadhi tangu 1994, nyumba 7 tu za wageni, wavuvi waliofundishwa kuwa walinzi wa matumbawe, na wanafunzi wa Unguja wanaopelekwa kujifunza. Chumbe haiwezi kulisha hazina ya nchi. CocoCay haiwezi kumfundisha mtoto wa kijiji jina la samaki. Kati ya viwili hivyo ipo nafasi kubwa ya kujadiliana, na nafasi hiyo ipo kabla ya sahihi tu. Mkataba wa Castaway Cay utaisha mwishoni mwa karne hii. Mtoto wa Abaco, eneo la Bahamas ilipo Castaway Cay, aliyezaliwa mwaka meli ya kwanza ilipofunga gati pale atakuwa na karibu miaka 100, akijaliwa kuufikia.