Korosho Haina Mchepuo

Wasomi wana namna yao ya kuidharau ensaiklopedia. Hawaisemi vibaya. Watakwambia tu, "Ni nzuri kwa kuanzia," kisha wanarudi kwenye vitabu vyao vinene vya fani moja. Kinachowakera ni ule mchanganyiko: mafarao wa Misri, mdondo wa kuku, uzito wa atomu ya shaba, nyota, nyoka, sheria za mpira wa miguu, vyote ndani ya jalada moja na hakuna kilichomwomba mwenzake radhi. Kwao, aliyegusa mengi hajashika hata moja.

Mimi nakaa Mtwara, na kadiri ninavyoyatazama mambo ya huku kusini ndivyo hoja hiyo inavyozidi kunishinda. Sijaona jambo zito la Mtwara au Lindi ambalo fani moja ilikaa nalo ikalimaliza.

Tuanze na korosho, maana huku hata usipoianza wewe itakuanza yenyewe. Mti wenyewe asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kwa ukoo, mkorosho ni ndugu wa mwembe. Nilipomweleza hivyo mama mmoja anayeuza korosho za kukaanga stendi, alinitazama kama mteja anayetafuta njia ya kupunguziwa bei. Lakini ushahidi wa undugu huo uko kwenye ngozi. Utomvu wa embe bichi huwasha na kuunguza midomo. Mafuta ya ganda la korosho huunguza vidole vya akina mama wanaobangua kwa mkono, hadi vinakuwa vyeusi na kubabuka. Kemikali zinazofanya kazi hiyo ni za jamii moja. Mafuta hayohayo yakifika kiwandani hutumika kutengenezea rangi na vifaa vya breki za magari. Hapo tumeshapita kwenye mimea, historia, kemia na afya, na mnadani bado hatujafika.

Halafu kuna swali ambalo wazee wa Newala na Tandahimba hawajachoka kulibishania: korosho ilianguka kwa nini? Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Muulize mtaalamu wa mimea, atakwambia ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe unaokausha maua kabla hayajashika. Muulize mwanahistoria, atakutajia Operesheni Vijiji: watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali, mikorosho ikamezwa na vichaka. Mchumi naye atasema bei aliyokuwa akilipwa mkulima haikumpa sababu ya kutembea umbali wote huo kwenda kupalilia. Wote watatu wanasema kweli, na ukimsikiliza mmoja peke yake umedanganyika. Kuvu lilikuta mikorosho imesongamana na haijapogolewa. Mikorosho ilisongamana kwa sababu mwenyewe alihamishwa. Aliyehamishwa hakurudi shambani kwa sababu bei haikumvuta. Ukitaka kuandika habari ya korosho ya Tanzania kwa haki, huna budi kuwa na kuvu, siasa na hesabu kwenye ukurasa mmoja, na hapo hujagusa salfa ya kupulizia mikorosho, wala miche ya kituo cha utafiti cha Naliendele, wala stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kukusanya korosho maghalani kisha kuziuza mnadani, wala kangomba, ununuzi wa magendo kwa mkulima.

Kijana wa Tandahimba aliyesomeshwa kwa fedha ya korosho akifika kidato cha tano anatakiwa awe na tahasusi, yaani mchepuo wa masomo matatu. Akienda PCB (fizikia, kemia na biolojia) atakutana na kuvu, lakini Operesheni Vijiji ndiyo kwaheri. Akienda HGE (historia, jiografia na uchumi) atajifunza bei na sera, na ubwiriunga utabaki kuwa ule ugonjwa ambao baba yake anaupulizia dawa kila mwaka. Siilaumu shule. Mpasuaji lazima afundishwe kupasua, na mwenye kujenga daraja ajue chuma kuliko mashairi. Ila mahali pa kuviunganisha vile vipande lazima pawepo, na kwa mtu asiye na chuo kikuu jirani wala maktaba kubwa, mahali hapo ni ensaiklopedia ya mambo yote, siku hizi ndani ya simu.

Napenda pia ujirani wa alfabeti, ambao hauna adabu hata kidogo. Ukizipanga mada kwa Kiswahili, mbele kidogo ya Kilwa utakuta kima, kisha kimbunga, kimeng'enya, Kinjikitile, kinu, kinyonga, mpaka kipindupindu. Hakuna profesa ambaye angeweka vitu hivyo kwenye somo moja. Mtu wa Lindi, hata hivyo, anaweza kuusoma mstari huo akajiona nyumbani.

Kilwa yenyewe haihitaji utetezi: Ibn Battuta aliitembelea mwaka 1331, ilipiga sarafu zake yenyewe, na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ambako wanahistoria hadi leo wanabishana zilifikaje. Ukishuka hadi kimbunga unakutana na Lindi tena, kwa sababu mji huo ulipigwa na kimbunga Aprili 1952. Kwa nini Lindi na si Tanga? Hapo fizikia inaingia. Mzunguko wa dunia ndio unaoupindisha upepo hadi ukajisokota kuwa kimbunga, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni dhaifu mno. Lindi na Mtwara ziko karibu nyuzi 10 kusini, kwa hiyo ziko jirani zaidi na njia ya vimbunga vya Msumbiji kuliko mikoa ya kaskazini. Aliyekwama Somanga mwaka 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam, angeweza kuisoma aya hiyo bila kusukumwa na mwalimu.

Kutoka hapo unavuka kimeng'enya, unamfikia Kinjikitile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905 wakati Majimaji ndiyo kwanza inaanza. Na vita vyenyewe vilianzia kwenye milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Umerudi kwenye kilimo tena. Hukukusudia.

Wafaransa wa karne ya 18 waliuona utamu huu. Ensaiklopedia iliyosimamiwa na Denis Diderot, ambayo mwanzoni alishirikiana na d'Alembert, ilitoka kati ya mwaka 1751 na 1772: majuzuu 17 ya maandishi na 11 ya michoro. Diderot alikuwa mtoto wa fundi visu wa mji wa Langres, na nadhani hilo linaonekana. Alitaka kazi za mikono zikae na theolojia na falsafa kwenye rafu moja. Walikwenda kwenye karakana za mafundi, wakauliza, wakaandika vifaa vinaitwaje na kazi inaendaje hatua kwa hatua. Utengenezaji wa pini umeelezwa kwa hatua 18. Mwaka 1759 serikali ya mfalme iliwafutia kibali, na kilichowaponza hakikuwa pini, ila pini zilikuwa sehemu ya uchokozi uleule: kumwambia mkubwa kwamba kazi ya fundi inastahili kurasa nyingi kuliko nasaba yake.

Si kwamba upana peke yake unatosha. Plinio Mzee wa Roma, mnamo mwaka 77, aliandika vitabu 37 na kujisifu kwamba amekusanya mambo 20,000 yanayofaa kujulikana. Humohumo akawapa wasomaji wake Waafrika wasio na vichwa, wenye macho na midomo vifuani. Toleo la kwanza la ensaiklopedia ya Britannica, la Edinburgh, 1768 hadi 1771, lilikuwa na majuzuu matatu: A na B zilijaza la kwanza lote, halafu herufi zote zilizobaki zikabanana kwenye mawili. Na mwanamke alielezwa kwa maneno machache kwamba ni jike la binadamu, basi, wakati magonjwa ya farasi yalipewa kurasa nyingi. Orodha ndefu ya mada haikuonyeshi nani aliulizwa na nani hakuulizwa.

Tendaguru ni mfano ambao unaniuma zaidi. Kilima kiko mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria wa takriban miaka milioni 150 iliyopita, na zaidi ya tani 200 zikabebwa na wapagazi kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Hii ilikuwa miaka michache tu baada ya Majimaji, vita vilivyoacha kusini njaa na makaburi. Leo Giraffatitan amesimama Berlin, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 juu ya sakafu. Kwenye ensaiklopedia nyingi jambo hili limekatwa vipande. Mifupa iko chini ya dinosaria, pamoja na jina la Werner Janensch, Mjerumani aliyeongoza uchimbaji. Wapagazi, wakitajwa, wako chini ya ukoloni. Kilima kiko chini ya jiografia, mistari miwili. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye bila yeye mashimo mengi yasingefunguliwa, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Mtoto wa Lindi anayesoma habari za dinosaria hapaswi kulazimika kufungua makala nyingine ndipo ajue kwamba waliowatoa ardhini walikuwa babu zake. Na anayesoma habari za ukoloni asifikiri walichobeba kilikuwa mawe tu.

Sasa nije nyumbani kabisa. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, na ina maelfu mengi ya makala, zilizoandikwa na watu wanaojitolea. Nawaheshimu, na ninaitumia. Lakini fungua makala za kata za mikoa yetu hii miwili. Nyingi utakuta ni jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya wakazi kwa sensa, na namba ya posta. Hiyo ni daftari la ofisi ya mtendaji. Ukihesabu vichwa vya habari utasema tuna upana mkubwa. Ukisoma kilicho chini yake, kata ya wavuvi na kata ya wakulima wa ufuta zinafanana kwa kila kitu isipokuwa tarakimu. Bora kata 10 zilizoandikwa kwa kina, pamoja na udongo wake, ngoma zake, visima vyake, watu walihamia kutoka wapi na kwa nini, kuliko 100 za namna hiyo. Najua wapo watakaosema kidogo ni bora kuliko hakuna. Sikubali sana. Makala tupu humfanya mtu aamini kwamba habari ya mahali hapo imeshaandikwa.

Wengine wananiambia upana unazaa wajuaji wa kijiweni, wanaosoma aya moja juu ya figo kisha wanaandikiana dawa. Wapo, kweli, na kwenye mambo ya tiba nakubali wanatisha. Lakini walikuwepo kabla ya simu, na walikuwa wanajua machache kuliko sasa.

Nikipewa nafasi ya kuchagua mada moja ya kuanza nayo, nitaacha korosho na gesi, ambazo zina wenyewe wa kuzisemea. Nitachukua ming'oko. Ni viazi vya porini, jamaa ya viazi vikuu, vyembamba, huchimbwa msituni, huchemshwa na kuuzwa mitaani kwa chumvi na pilipili, na kwenye miezi ya njaa vimezivusha kaya nyingi za kusini. Makala yake ingehitaji mimea, lishe, udongo, sheria za misitu, historia ya njaa, bei ya sokoni na mapishi. Sehemu kubwa ya hayo haiko kwenye kitabu chochote. Wanayo akina mama wanaochimba: wanaijua kwa jani la mti unaotambaa, wanajua msimu wa kuiacha, wanajua shimo la kufukia ili mwaka ujao kuwe na cha kuchimba. Kwa hiyo kazi ni ileile ya mtoto wa fundi visu, kwenda kuuliza. Anayetaka tuifanye pamoja anitafute, tuonane sokoni asubuhi kabla bidhaa hazijaisha. Aje na daftari, na aje na fedha ya kununua, kwa sababu bibi aliyeamka alfajiri kwenda porini hatajibu maswali 30 kwa mtu ambaye hajanunua hata fungu moja.