Okestra ya Vienna ya 1909 si hesabu

Ukitaja muziki wa atonali, yaani ule usio na noti moja kuu ya kurudia, wapo watakaokwambia kwamba ule ni hesabu, kazi ya watu wenye akili nyingi na mioyo mikavu. Sikubali. Utaratibu wa noti kumi na mbili, wa kuzipanga noti zote kwa mfuatano maalumu, ndio unaoitwa hesabu, na mtunzi Arnold Schoenberg wa Vienna, Austria, aliuanzisha miaka ya 1920. Mwaka 1909 haukuwepo. Watunzi wa Vienna walikuwa wameiacha ile noti ambayo wimbo wa kawaida huirudia ili utulie, na hawakuwa na kanuni nyingine ya kushika. Walifuata masikio yao na yaliyowajaa moyoni.

Chukua Vipande Sita vya Okestra vya 1909 vya Anton Webern, mmoja wa watunzi hao, opus 6 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi). Mama yake alifariki mwaka 1906. Mwaka 1913 alimwandikia Schoenberg, mwalimu wake, akimweleza: kipande cha kwanza ni yeye akiwa bado Vienna, anahisi msiba ila anatumaini atamkuta mama yu hai. Cha tatu, kifupi mno, ni harufu ya maua aliyochuma msituni akayaweka juu ya jeneza. Cha nne ni kulifuata jeneza kwenda makaburini. Ngoma kubwa, sahani kubwa ya shaba ya kugonga na kengele nzito zinaanza chinichini hata ukadhani hujawasha kitu. Ala za kupuliza zinaingia, zinalia kidogo, zinanyamaza. Mwishoni ngoma zinapanda kwa pamoja, zinapanda tu, mpaka unazisikia kifuani. Aliyewahi kuzika hahitaji mkalimani hapo.

Kwa hiyo tafadhali usisikilize kwa spika ya simu, itameza mwanzo wote. Vaa hedifoni, zima feni. Usingoje wimbo wa kuimba nao. Fuata ala ipi imeingia na ipi imetoka.

Vipande hivi vilipopigwa mara ya kwanza, Vienna, tarehe 31 Machi 1913, Schoenberg akiongoza, ukumbi ulizomea, watu wakapigana, na onyesho likavunjika kabla ya nyimbo za mtunzi mwingine, Gustav Mahler, kufikiwa. Kushtuka nawaelewa. Kupiga kelele juu ya maombolezo ya mtu, hapana.

Ukishamzoea Webern, nenda kwa Schoenberg mwenyewe, opus 16, nayo ya 1909, kipande cha tatu. Noti tano zinapigwa pamoja, zinapokezanwa kutoka ala hadi ala, na kinachobadilika zaidi ni rangi ya sauti. Kwangu mimi, katika kazi zake zote za okestra, hakuna kinachokizidi hicho.