Sentimita 18 Zimo Ndani ya Ukuta

Mume wangu alipotangaza kwamba ramani ya nyumba yetu ataichora mwenyewe, sikumpinga. Ukimpinga mtu kwenye jambo ambalo ameshalinunulia rula, unajitafutia kesi. Tena ilikuwa ile rula ya pembe tatu yenye vipimo kila upande, ambayo mpaka leo namwona akitumia upande mmoja tu. Pande nyingine nadhani ni za kuheshimiwa.

Akachukua karatasi ya grafu, akachora vyumba. Halafu akakata boksi la viatu vipande vipande: huyu kitanda, huyu kabati, hawa makochi. Kila sentimita 2 za karatasi zilikuwa mita 1 ya nyumba. Kitanda chetu cha sita kwa sita, ambacho godoro lake ni kama sentimita 183 kila upande, kikageuka kipande kisichofika sentimita 4, na juu yake akaandika KULALA kwa herufi kubwa ili kisije kikachanganywa na meza.

Jioni zote alikuwa ameinamia meza, anasogeza samani kwa kidole. Kila kitu kiliingia. Kitanda kikaingia, kabati likaingia, meza ya kulia ikaingia na viti vyake vyote, vimesukumwa chini ya meza mpaka migongo imegusa ubao.

"Anayekula atakaa wapi?" nikauliza.

"Kwenye kiti, mke wangu."

"Kiti kimebanwa."

"Atakivuta."

"Atakivutia wapi, na nyuma yake ni ukuta?"

Akaniangalia kwa ule upole wa mtu anayemwonea huruma asiyesoma ramani. Ukweli ni kwamba mtu akitaka kuvuta kiti, akae, kisha asimame bila kukwaruza rangi, anahitaji sentimita 75 hivi kutoka ukingo wa meza mpaka ukutani, na 90 kama kuna mtu wa kupita nyuma yake. Yeye alikuwa amebakiza 40. Mgeni wetu alitakiwa awe mwembamba, aingie kwa ubavu, na asiwe na haraka ya kwenda chooni.

Nilipozidi kumbana akaniletea historia. Akasema kuna mwanamke msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, ambaye mwaka 1926 alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za Frankfurt, upana mita 1.9 na urefu mita 3.4, na ulimwengu mzima ukamvulia kofia. Basi udogo si kasoro, udogo ni elimu. Nami nikamjibu kwamba mama yule alihesabu hatua za mpishi, anavyogeuka kutoka kwenye jiko kwenda kwenye sinki. Alimpima mtu akiwa kazini. Wewe umepima boksi la viatu. Mazungumzo yakafungwa kwa amri ya mwenye rula.

Fundi akaja, akavuta kamba, akapandisha tofali. Fundi huyu ni mtu wa maneno machache na alifuata ramani kama ilivyo. Chumba chetu cha kulala kilichorwa mita 3 kwa 3. Nyumba ilipokwisha kupigwa lipu, mume wangu akaingia na tepu yake mpya, akapima, akarudia, akapima kwa kuanzia upande wa pili kana kwamba huko kutakuwa na habari njema zaidi. Sentimita 282. Akamwita fundi.

"Fundi, hapa pana upungufu wa sentimita 18."

"Hapana upungufu, bosi."

"Zimekwenda wapi?"

"Zimo ndani ya ukuta."

Na kweli zilikuwamo. Mistari ya mume wangu haikuwa na unene. Kwake ukuta ni alama ya penseli. Fundi alizichukua alama zile kuwa katikati ya ukuta, kama mafundi wengi wanavyofanya, akapandisha tofali za sentimita 15 juu yake. Kila ukuta ukaingia ndani ya chumba sentimita 7 na nusu, na lipu ikaongeza moja na nusu. Zidisha mara mbili. Korido nayo, iliyochorwa mita 1, ikatoka na sentimita 82. Kila mlango, kila kona, kila dirisha la nyumba yetu lilikuwa limelipa kodi hiyohiyo.

"Si kitu," mume wangu akasema. "Boksi lilikuwa na nafasi."

Kabati likatangulia. Seremala alilileta vipande vipande, akaliunga sakafuni likiwa limelala chali, maana ndivyo makabati makubwa yanavyoungwa. Urefu wake sentimita 240. Dari yetu ipo sentimita 245. Mume wangu alikuwa amezipenda sana zile 5 zilizobaki. Akiziita nafasi ya kupumua.

Wakalishika watu wanne. Moja, mbili, tatu, inua! Kabati likapanda vizuri, likafika nusu, likafika robo tatu, kisha pakasikika mlio kule juu, kona ya nyuma ya kabati ikiwa imechoma dari. Wakalishusha. Wakalipandisha kutokea upande mwingine wa chumba. Dari ikapata tundu la pili.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anafundisha hisabati, na siku hiyo ilikuwa ni neema yake. Akasimama mlangoni mikono mfukoni.

"Kaka, hilo halisimami. Linapoinuka halipiti kwa urefu wake, linapita kwa mshazari. 240 kwa 60 za kina, mshazari wake ni 247 na ushei. Dari ni 245. Pythagoras."

"Sasa huyo Pythagoras anasemaje tufanye nini?"

"Hasemi. Anasema tu halisimami."

Mama mkwe akachungulia, akaliona lile kabati limelala katikati ya chumba na wanaume wamelizunguka vichwa chini. "Hili mmelileta," akauliza, "au tunalizika?"

Seremala, bila kuomba ushauri wa Mgiriki, akapiga goti, akafungua skrubu za kitako. Kitako kilikuwa kina sentimita 10. Kabati lililobaki, la 230, mshazari wake haufiki 238, likasimama bila kugusa kitu. Kisha wakalinyanyua wima na kulikalisha juu ya kitako chake. Mume wangu akapiga makofi, akatangaza kwamba alijua tu kuna njia.

Kitanda sitakisimulia sana. Godoro ni 183, lakini mbao za ubavuni nazo zina unene, jumla 193. Kabati limechukua 60. Katika zile 282 tulibakiwa na sentimita 29 za kuvalia nguo, kupishana na kuishi. Milango ya kabati ina upana wa 50, kwa hiyo inafunguka mpaka inapogonga godoro, na nguo unaichukua kwa kupapasa. Nimewahi kwenda kwenye kikao cha wazazi na blauzi niliyoitambua nilipofika. Upande wa pili kitanda kimegusa ukuta, na huko analala aliyechora ramani. Akitaka kutoka usiku ananipanda mimi.

Lakini msiba wenyewe ulikuwa kochi.

Mume wangu alitaka sebule ndogo ya nyuma, ya familia, mbali na wageni. Njia ya kufika huko ni korido inayokwenda moja kwa moja, inakata kona kulia, halafu mlango. Kochi la watu watatu, urefu sentimita 210, kina 90, kimo 78 pamoja na miguu. Wakaliingiza kifudifudi, likaserereka ndani ya zile 82 kama vile korido imelizaa. Likafika konani, likagoma.

Mume wangu alikuwa ametangulia upande wa ndani pamoja na mama yake, aliyekwenda kuwaonyesha mahali pa kuliweka. Mimi, shemeji na vijana wawili tulikuwa upande wa nje. Katikati, kochi. Chooni ni upande wao, mlango wa nje ni upande wetu, kwa hiyo kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwingine angekitaka baadaye.

"Inueni juu!" sauti ikatoka nyuma ya kochi.

"Juu ya wapi?"

"Juu ya kwenu!"

"Juu ya kwetu iko ukutani!"

"Basi vuteni!"

Wakavuta. Rangi mpya ikatoka ukanda mrefu kuanzia konani. Wakalisimamisha wima, lisimame kama mtu, wakidhani litageuka. Likaingia konani, likageuka kidogo, likabana mabega.

Hapo shemeji akapata mwanga wa uso. Akatuambia hili ni swali maarufu kabisa. Mwaka 1966 mwanahisabati Leo Moser aliuliza: katika korido yenye upana wa kizio 1 inayokata kona ya mraba, ni umbo gani kubwa kuliko yote linaloweza kupitishwa? Watu wakahangaika nalo miaka na miaka. Mwaka 1992 Joseph Gerver akachora kochi la eneo la 2.2195 hivi, limeumbwa kama mkono wa simu ya zamani, na mwaka 2024 Jineon Baek akatoa andiko la zaidi ya kurasa 100 la kuthibitisha kwamba hakuna kubwa kuliko hilo.

Kijana mmoja, ambaye uzito wa kochi ulikuwa begani kwake muda wote wa mhadhara huu, akauliza: "Hao wote walikuwa wanahama?"

"Ni nadharia," shemeji akasema.

"Basi mwalimu, naomba nadharia ishike upande huu."

Wakalilaza tena, likaziba njia. Shemeji akachomoa penseli ya seremala na, kabla sijamfikia, akaanza kuandika ukutani, kwenye rangi isiyojakauka sawasawa. Kochi likiwa limesimama, nusu ya kina ni 45. Ongeza 78, ni 123. Kona ya korido ya 82, kutoka pembe ya nje mpaka ya ndani, inatoa 116. Akachora duara. Akachora mshale. "123 haipiti kwenye 116," akasema, akapiga mstari chini yake mara mbili, kwa nguvu, mpaka lipu ikaonekana.

Kule ndani mama mkwe alikuwa amechoka kusimama. Tukasikia kishindo, kisha uso wake ukatokea juu ya kochi: amelipanda, ameketi katikati yake pale konani, mkoba mapajani. "Kama halitaki kwenda sebuleni," akasema, "hapa ndipo sebuleni." Jirani aliyekuja kutupa pole akapokewa palepale. Akaulizwa habari za nyumbani. Wakaongea vizuri tu, yeye amesimama koridoni, mwenyeji amekaa.

Mtoto wetu wa mwisho, ambaye watu wazima walikuwa wamemsahau, alikuwa chini ya mazungumzo hayo. Amekaa sakafuni, ameshika mguu wa kochi kwa mikono miwili, anauzungusha. Ukazunguka. Akaendelea. Mguu ukatoka mzima na msumari wake wa nyuzi, kochi likainama upande mmoja, na mama mkwe akateleza taratibu, mkoba mkononi, akiwa katikati ya sentensi, mpaka akamwangukia jirani.

"Umetoka," mtoto akasema, akiuonyesha mguu.

Pakawa kimya. Shemeji akauchukua ule mguu, akaupima. Sentimita 12. Akageukia ukuta wake. 78 toa 12 ni 66. Ongeza 45, ni 111. Akaiandika 111 kubwa kuliko namba zote zilizotangulia.

Wakatoa miguu yote, wakalisimamisha, wakaligeuza. Likapita. Likapita kwa upole wa kuudhi, halikugusa hata ukuta, kana kwamba siku nzima lilikuwa linasubiri tu kuvuliwa viatu. Tukaingia nalo sebule ndogo wote kwa pamoja, mimi, vijana, mama mkwe, mtoto, mume wangu akiongoza kwa mikono miwili kama wanavyoongoza ndege uwanjani, tukalisukuma likakaa mahali pake sawasawa na ramani. Tukaanguka juu yake. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kuongea.

Mlango wa chumba kile unafungukia ndani. Nani aliurudisha, sijui. Ulijifunga wenyewe, au labda ni upepo. Kitasa kikachezacheza. Mlango ukafunguka kiasi cha kiganja, ukagonga ubavu wa kochi, ukasimama. Katika ule ufa tukaona jicho moja la shemeji, na chini yake miguu minne ya kochi aliyokuwa ameikumbatia.

"Msihangaike kunyanyuka," akasema. "Nyie kaeni. Nataka kujua tu mlango una upana gani, halafu nipige hesabu."

"Mwanangu!" mama mkwe akaita, bila kufumbua macho. "Usiandike ukutani!"