Saa 77 kwa wiki, halafu unaambiwa yupo tu nyumbani

Kuna kauli siipendi kabisa, ile ya "mke wangu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani". Nimeisikia msibani, nimeisikia kwenye daladala, na juzi nikaisikia kwa shemeji yangu mwenyewe huku dada kakaa palepale mbele yetu anapeta mchele na mtoto wa mwaka na nusu anamvuta kanga. Kilichoniuma zaidi ni kwamba dada hakubisha, hata yeye ukimuuliza anakujibu hivyohivyo.

Ndio nikamkumbuka Ann Oakley. Huyu mama ni mwanasosholojia wa Uingereza, kazaliwa 1944, babake Richard Titmuss alikuwa profesa mkubwa pale London School of Economics, kwa hiyo usomi kakulia nao, lakini mpaka alipoolewa akazaa akashinda ndani na watoto ndipo akaona kuna kitu wasomi wamekiruka. Walikuwa wanachunguza kazi za viwandani na za ofisini, ila kupiga deki na kufua wakakuweka kwenye fungu la "ndoa na familia", kana kwamba mwanamke akifua anaonyesha mapenzi tu, hafanyi kazi.

Basi akaenda kwa wanawake 40 wa London wenye watoto wadogo, nusu wa familia za vibarua na nusu wa zile zenye nafasi kidogo, akawauliza yale unayomuuliza mtu wa kiwandani: unapiga saa ngapi, unaipenda kazi yako, inachosha wapi. Wastani ukatoka saa 77 kwa wiki! Kuna aliyefika 105, na wa chini kabisa mwenye 48 alikuwa na ajira ya kutwa nje, yaani hizo 48 ni nje ya kazi ya mshahara. Asilimia 70 hawakuridhika, na awe wa huku awe wa kule kilio kilikuwa kimoja, upweke na kurudia kilekile kila siku. Kitabu kikatoka 1974. Kwangu mimi hiyo ndiyo heshima kubwa aliyowapa, aliwahesabia saa zao.

Na sisi tukajaribu. Tukachukua daftari la mtoto tukaandika siku moja ya dada, kuanzia saa kumi na moja alfajiri anawasha jiko la mkaa mpaka saa nne usiku anaanua nguo za shule zilizochelewa kukauka. Tukatoa muda wa kula, wa kuswali na wa kupumzika kidogo mchana, zikabaki saa 14. Dada akaninyang'anya kalamu akahesabu upya, zikawa 14 tena, akanyamaza.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu ningewaomba wakasome hukumu ya Mahakama ya Rufani yetu hapa Tanzania ya 1983, ile kesi wanasheria wanaiita ya Bi Hawa. Majaji walisema wazi kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali ya ndoa chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Miaka yote hiyo imepita na mtaani bado ni "yupo tu".

Kitu kingine ninachompendea Oakley ni alivyohoji. Vitabu vya utafiti vilimtaka mhojaji aulize tu, yeye akiulizwa akwepe. Alipokuwa anawafuatilia wanawake waliokuwa wanajifungua kwa mara ya kwanza, wao ndio wakamuuliza, akayaandika yote, maswali 878, na alikuwa anawajibu. Mwaka 1981 akaandika kwamba huwezi kumtaka mtu akufungulie maisha yake halafu wewe ujifiche.

Maana dada naye alipofunga lile daftari akaniangalia akasema, "Sasa mdogo wangu, na kwako nani anaosha vyombo?" Nikamjibu ukweli, wifi yako. Akanirudishia daftari na kalamu, akasema nenda kamhesabie na yeye.