Hajji alivyooga mafuta ya steringi Ijumaa mchana

Wenye malori wa hapa mjini ukiwaambia steringi nzito jibu wanalo mfukoni, pampu imekufa. Hawaulizi nzito gari ikiwa imesimama au inatembea, nzito kulia au kushoto, wao mbio Gerezani kwa wauza spea za mtumba, baada ya lisaa anarudi na pampu ya mtumba kwapani, haya fundi nifungie hii. Mi nina kigereji changu Tabata, nacheza na magari makubwa tu, na msimamo wangu ni kwamba pampu ya mtu siigusi mpaka nimepima presha. Kwa msimamo huo nimeshaitwa mjuaji, nimeitwa mchelewesha kazi, na kuna mmoja alisema nina geji kwa ajili ya kupigia picha.

Huyo mmoja ndo Hajji. Ana Scania ya tela inakwenda Tunduma na kurudi, dereva wake mzee mmoja tunamwita Mjomba, mtu mpole hana maneno mengi, na hiyo ya kutokuwa na maneno mengi mtaona ilivyotuponza. Mjomba akaileta gari, anasema barabarani inaenda fresh ila akifika sehemu ya kujipanga, mzani au sheli, anapigana na usukani mpaka kwapa zinaloa. Nikamuuliza, ukikata kona usukani unarudi wenyewe? Akasema haurudi, naurudisha mimi. Hapo tayari nikaanza kunusa kitu kingine, maana pampu ikichoka usukani unakuwa mzito sawa, lakini usukani unaogoma kurudi mara nyingi kuna chuma kinakwama huko chini. Ila kunusa sio kupima.

Basi Hajji akatokea, Ijumaa hiyo, saa tano na nusu, kanzu nyeupe inang'aa, kofia, miwani, marashi yametangulia kabla yake. Kwapani ana pampu. Nikasema moyoni haya tumeanza. Nikamwambia Hajji, pampu iweke pale mezani kwanza, tupime ya kwenye gari. Afu hozi ya presha ya gari yako inatoka jasho, naomba ununue mpya. Akaniangalia kama nimemwomba mahari ya binti yake. Akaenda kwenye buti ya gari yake akatoa hozi nyingine, ya mtumba, eti alishanunua pamoja na pampu wakampunguzia. Kwa nje ilikuwa safi, imesuguliwa na mafuta inameremeta. Nikamwambia mi nataka mpya. Akasema kijana, hii nimenunua mimi, gari yangu mimi, funga, ikipasuka lawama zangu. Utingo wa gari na mama ntilie wa pale getini wote walisikia hiyo kauli, mnitunzie.

Kwa ambao hawajawahi kuona hii kazi. Geji unaichomeka katikati, kati ya pampu na steringi boksi, lile boksi linalopokea usukani na kugeuza matairi, na geji yenyewe ina koki upande wa kwenye boksi. Gari inawashwa sailensa, yani inaunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, unazungusha usukani mpaka mafuta yapate moto, kama nyuzi 50 hivi, maana mafuta ya baridi yanadanganya. Afu unafunga koki. Ukifunga koki mafuta hayana pa kwenda, presha inapanda, mpaka vali ya ndani ya pampu ifunguke na kusema basi. Hiyo unaifanya ndani ya sekunde 5, usizidishe, pampu inaungua. Presha yenyewe usikariri, kila pampu ina kibati chake, hii ya Hajji kibati kinasema bar 150. Tairi la lori unalijaza psi 120 hivi, sasa bar 150 ni psi zaidi ya 2,000, inapita kwenye mpira wa unene wa kidole gumba. Ndo maana huwa nasema watu wakae mbali, na hozi ikitoboka katundu kadogo usipapase na mkono kutafuta inavuja wapi, yale mafuta yanaingia kwenye nyama kama sindano ya hospitali na hapo hata ukatwe kidole usishangae. Tafuta kipande cha boksi, pitisha hicho.

Hozi yake ya mtumba nikaifunga, watu nikawapanga. Mjomba ndani kwenye usukani, sailensa, asiguse kitu. Utingo pembeni na spana. Mi kwenye koki. Hajji nikampeleka kwenye benchi chini ya mwembe. Nikafunga koki.

Mshale ukapanda, 80, 120, 150. Nikasubiri usimame. Haukusimama. 170. 190. Mkono ndo unarudi kwenye koki kufungua nikasikia harufu ya marashi sikioni, nageuka, Hajji ameinama begani kwangu ameshika miwani, anasema fundi hebu nione nayo hiyo geji yako kama inafan...

PAA!

Jamani mafuta ya steringi ni mekundu, wote mnajua. Hozi ilichanika upande wa Hajji, mi sikupata hata tone la maana. Kanzu ikawa nyekundu kuanzia kifuani mpaka magotini, ndevu nyekundu, miwani nyekundu, na yeye amesimama vile vile ameinama, mdomo wazi, hajamalizia sentensi. Mama ntilie aligeuka na mwiko mkononi akaona kile anachokiona, akapiga ukunga, WAMEMUUA HAJJI! Utingo akaangalia kanzu, akaangalia spana aliyoshika, akaitupa akatoka nduki, alikutwa jioni Mabibo kwa shangazi yake anaaga.

Na gari bado inaunguruma, na mafuta yanaendelea kutoka, maana pampu inasukuma tu haijui kuna msiba. Nikamgeukia Mjomba juu kule nampungia mikono yote miwili, zima, zima! Mjomba na upole wake akaniona napunga, akanipa dole gumba, AKAPIGA RESI. Yani yule mzee alielewa nataka aongeze. Hajji akala awamu ya pili, safari hii mgongoni kwa sababu alikuwa ndo anageuka akimbie. Ikabidi nipande kwenye ngazi ya kichwa nizime mwenyewe.

Mpaka nashuka bodaboda wameshajaa, wengine wanataka kumbeba Hajji, mmoja anauliza aliyemchoma kisu kaelekea wapi. Mi nikamvuta Hajji kwenye bomba, nikamfungua kanzu namkagua ngozi, mikono, shingo, tumbo, naangalia kama kuna katundu kokote, hapo kwa kweli sikuwa nacheka. Hakuna hata mkwaruzo, mpasuko ulikuwa mpana mafuta yakamwagika badala ya kuchoma, na miwani iliokoa macho. Hajji neno lake la kwanza likawa, saa ngapi sasa hivi? Saa sita na robo. Akasema Ijumaa inanipita.

Kanzu nyingine hana, nyumbani Mbagala. Nikakumbuka nina ovaroli mpya kabisa nimeitunza kwa siku za wageni, ya bluu. Akaoga na sabuni ya unga, akavaa ovaroli, kofia yangu akaikataa, akapanda boda huyo msikitini. Hii inayofuata kaisimulia mwenyewe kwa hasira: ametoka swala, anatafuta viatu, mtu kamshika mkono kwa heshima zote, samahani fundi, Noah yangu inagonga mbele ukipita kwenye tuta, unaweza kuja kuiangalia leo? Akamjibu mi sio fundi. Yule mtu akamwambia basi nipe hata namba ya fundi wako. Akampa yangu, na yule jamaa alikuja kweli, ilikuwa bush tu, vile vimpira vya chini.

Mi na Mjomba tukabaki tunaichungulia pampu. Pampu ya bar 150 inafikaje 190? Nikafungua ile plagi ya vali, nikavuta springi, nyuma yake zikadondoka washa mbili, vile vipete vya bati, zimepigwa faili pembeni zikae vizuri. Mtu kaikaza springi na washa ili vali isifunguke mapema! Nikamwangalia Mjomba. Akajikuna. Kumbe Makambako kuna fundi wa barabarani alimwambia atamwongezea presha, akachukua elfu thelathini yake, akaongeza kweli. Mjomba, mbona hukusema? Anasema hukuuliza.

Nikatoa washa, Hajji akatuma hela ya hozi mpya bila hata kuomba punguzo (nilipiga picha ule ujumbe), tukapima upya. Mshale ukapanda ukasimama 150 pale pale, kimya. Pampu nzima. Nikaacha koki wazi, nikaweka kipande cha chuma kwenye stopa ya ekseli, pale tairi linapogota likikata mwisho, ili vali za boksi za kukata presha zisiwahi kufunguka, Mjomba akakata usukani mpaka mwisho akashikilia kidogo, 150 tena, kulia na kushoto. Boksi nzima. Basi nikapiga jeki ekseli ya mbele, nikafungua dragi linki, ile fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda kugeuza tairi, nikamwambia Mjomba tusukume tairi kwa mkono. Tairi likiwa hewani halijafungwa na kitu linatakiwa ligeuke hata mtu mmoja akisukuma. Tulisukuma wawili, na muuza maji akaja kusaidia, wapi. Kingpini, zile pini ambazo tairi la mbele linageukia, zimekauka, beringi ya chini imekula kutu, vitundu vya kupigia grisi vimezibwa na tope limekuwa jiwe, yani huyo utingo anayekimbilia Mabibo grisi kwake ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Tukabadilisha kingpini na beringi pande zote, grisi ikatokea juu na chini, Mjomba akazungusha usukani gari imesimama, kwa mkono mmoja, akatabasamu, hakusema kitu.

Pampu ya mtumba iko kwangu kwenye shelfu mpaka leo, aliyeiuza amegoma kuipokea. Kwenye bili Hajji amelipa ufundi, kingpini, beringi, hata ovaroli ameilipia maana hataki kuivua, anasema ina mifuko mizuri. Kanzu dobi ameshindwa nayo, ile kauli yake ya lawama zangu imemziba mdomo. Tunachobishania bado ni mafuta ya steringi. Mi nimeandika lita zote nilizojaza, ye anasema zile za kwanza halipi, hazikuingia kwenye gari yake. Nikamwambia ni kweli Hajji, lakini ziliingia kwako.