Ubani wa kale si mafuta ya chupani

Wauzaji wa mafuta ya kunukia, yale yanayokenekwa (yaani kuvutwa kwa mvuke na kupozwa) kutoka kwenye majani, maua au utomvu na kutiwa katika chupa ndogo za kudondoshea, hupenda kutanguliza hoja ya historia: Wamisri na Wayunani wa kale waliyatumia kwa tiba, basi yanafaa na hayana madhara. Hoja hii imebeba ukweli mwingi kuliko wapinzani wake wanavyokubali, lakini imebeba pia kosa moja kubwa ambalo huathiri afya za watu.

Tuanze na ukweli wake. Mafunjo ya Ebers, yaliyoandikwa Misri mnamo mwaka 1550 kabla ya Kristo, yana mamia ya maelekezo ya tiba, na ubani na manemane hutajwa humo tena na tena. Katika karne ya 15 kabla ya Kristo, Malkia Hatshepsut alituma merikebu hadi nchi ya Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Pembe ya Afrika, na kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari zingali zinaonyesha miti ya utomvu wa kunukia ikipakiwa pamoja na mizizi yake. Hakuna dola inayogharimia safari ya namna hiyo kwa ajili ya kitu kisicho na thamani. Watu wa kale walichunguza, wakajaribu, wakaandika, na anayewadharau kwa sababu hawakuwa na maabara anapoteza hazina.

Swali ni moja tu: ndani ya mitungi yao mlikuwa na nini? Dioscorides, tabibu Myunani wa karne ya 1, ameeleza jinsi mafuta ya waridi yalivyotengenezwa, na maelezo yake ni ya kuroweka petali katika mafuta ya zeituni hadi yashike harufu. Wamisri nao walitumia shahamu na mafuta ya mimea kwa njia hiyohiyo. Hayo ni mafuta ya kawaida yaliyotiwa harufu. Ukeneko wa manukato kwa mvuke ulikuja kushamiri baadaye sana katika ulimwengu wa Kiislamu. Wengi humtaja tabibu Ibn Sina kuwa mvumbuzi wake, ingawa mwanafalsafa al-Kindi alikwisha kuandika juu ya kukeneka manukato katika karne ya 9, zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Wapo wanaakiolojia waliodai kwamba vyombo vya udongo vya Mesopotamia vilitumika kukenekea mapema zaidi, lakini hata dai hilo likikubaliwa, halibadilishi yale yaliyoandikwa na matabibu wenyewe.

Tofauti hii si ya maneno. Kupata kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji tani 3 au zaidi za petali, kwa hiyo tone moja hubeba nguvu ambayo mgonjwa wa Dioscorides hakuipata kamwe. Ubani una fundisho kubwa zaidi. Utafiti mwingi kuhusu uwezo wake wa kutuliza uvimbe umeelekezwa kwenye asidi za boswelia zilizomo katika utomvu, na molekuli hizo ni nzito mno kupanda na mvuke. Mtu anayetafuna ubani wa Dhofar, Oman, anazipata, ilhali anayenunua mafuta yake yaliyokenekwa karibu hapati kitu cha asidi hizo, hata kama harufu ni ileile anayoijua kutoka kwenye chetezo cha nyumbani. Historia ya utomvu imetumika kuuzia kitu kingine.

Hata hivyo, karafuu inanizuia kuhukumu mafuta yote kwa pamoja. Desturi ya kuweka karafuu kwenye jino linalouma ni ya kale, na mafuta yake, ambayo Pemba hukenekwa hata kutokana na makonyo (vikonyo vya karafuu), kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kemikali ileile ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia jino kwa muda. Hapa mvuke umechukua kiini chenyewe cha dawa, na wazee walikuwa sahihi. Lakini nguvu hiyohiyo ndiyo hatari yake: watoto waliomeza mafuta ya karafuu wameumia ini vibaya, jambo ambalo karafuu chache za pilau haziwezi kulifanya.

Jina la tiba hii ya mafuta ya kunukia, aromatherapy (kwa Kifaransa aromathérapie), lenyewe ni la juzi. Mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé ndiye aliyeliweka juu ya kitabu chake, mwaka 1937. Kwa hiyo, badala ya picha ya farao, ningetaka chupa ya karafuu iandikwe kiasi cha eujenoli na onyo la kuiweka mbali na watoto, na ya ubani iseme waziwazi kwamba asidi za boswelia zimebaki kwenye utomvu.